Vidudu Vyekundu Tumboni mwa Mbawakawa wa Mavi: Je, Zizi la Punda Lipuliziwe Dawa?

Msomaji wa Matondoni, kisiwani Lamu, ameuliza hivi: "Nina punda wanne wanaobeba mchanga na mawe kutoka gatini. Juzi, baada ya mvua, mwanangu alimwokota dundu mkubwa mweusi pale tunapomwaga mavi ya zizini. Tulipompindua tukakuta tumboni vidudu vyekundu vidogo mno, zaidi ya thelathini, vinakimbiakimbia baina ya miguu yake. Je, hao ni watoto wake? Wanamfyonza damu? Wanaweza kuhamia kwa punda, au kwa watoto wangu? Jirani amenishauri nipulizie zizi zima na jaa dawa ya kupe, nayo dawa ninayo tayari. Mtoto amemfungia dundu ndani ya kopo na hataki kumwachia."

Ndugu yangu, hiyo dawa iweke kando kwanza, tena iweke mahali ambapo watoto hawafiki. Vidudu ulivyoviona ni utitiri, lakini ni utitiri wa namna nyingine kabisa na wale wanaotusumbua kwenye vibanda vya kuku. Hawakuzaliwa na dundu huyo, hawamfyonzi damu, na hawana haja na punda wako wala na ngozi ya mwanao. Wamempanda kama abiria wanavyopanda mashua, na safari yao inaishia kwenye kinyesi kibichi, ambako chakula chao kikuu ni mayai ya nzi, funza wachanga na minyoo midogo isiyoonekana kwa macho. Hilo ndilo jibu kwa ufupi. Nitalieleza kwa urefu kwa sababu ushauri wa jirani yako ni ushauri unaotolewa pwani nzima, na kila unapofuatwa anayenufaika ni nzi.

Nianze na majina, maana yamekuwa chanzo cha hofu. Neno dundu tunalitumia kwa karibu kila mbawakawa mkubwa anayevuma akiruka na kujigonga kwenye taa. Huyu wa kwako ni mbawakawa wa mavi, yaani yule ambaye yeye na watoto wake huishi kwa kinyesi cha wanyama wanaokula majani. Neno utitiri nalo limepata sifa mbaya kwa sababu ya kuku. Mtu aliyewahi kuingia kwenye banda usiku akatoka anajikuna hadi asubuhi hawezi kulisikia jina hilo kwa utulivu. Lakini utitiri ni kundi kubwa mno. Wataalamu wamekwisha kueleza spishi zaidi ya 50,000 zake, na walio wengi huishi udongoni, kwenye majani, kwenye maji au kwenye vitu vinavyooza, bila kugusa damu ya kiumbe yeyote. Si wadudu kwa maana kamili ya elimu ya viumbe, kwa kuwa mkubwa wao ana miguu minane, naye ni ndugu wa buibui, nge na kupe. Huo udugu na kupe ndio uliomfanya jirani yako akimbilie dawa ya kupe, nami simlaumu kwa hilo.

Mwanzoni mwa masika moja nilimchukua mbawakawa wa namna hiyo kwenye kinyesi cha ng'ombe, upande wa Sabaki, nje kidogo ya Malindi, nikamrudisha nyumbani na kumweka chali juu ya sahani nyeupe. Alikuwa na urefu kama wa pingili ya kidole gumba, kichwa kimebapa mbele kama sepetu, na miguu ya mbele ina meno ya kuchimbia. Kwa kioo cha kukuzia niliwaona abiria wake wakiwa wamejipanga kwenye kunjo pale miguu inapoungana na kifua, mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kufika kwa kujikuna. Kila mmoja alikuwa na urefu wa kama milimita moja, rangi ya ukwaju, mgongo umefunikwa kwa ngao inayong'aa. Walitembea kwa miguu sita tu. Ile miwili ya mbele, ambayo ni myembamba kuliko mingine, waliinyoosha na kuipapasisha huku na huku kama mtu asiyeona anavyotumia bakora, na ndivyo hali ilivyo, kwa sababu utitiri hawa hawana macho hata kidogo na miguu hiyo ya mbele ndiyo pua yao. Nilipowapulizia pumzi walirudi mbio kwenye kunjo na kung'ang'ania vinyweleo vya mbawakawa kwa vibanio vya mdomoni. Kisha nikaweka sahanini donge la kinyesi kibichi, kikubwa kama tende, karibu na kichwa cha mbawakawa. Haikupita robo saa kabla wa kwanza hajateremka. Wengine wakafuata mmoja mmoja, wakaingia kwenye nyufa za donge na kupotea. Mwenye mzigo alipobaki mtupu, au karibu mtupu, alijipindua na kuanza kuchimba sahani.

Sifa ulizozitaja, yaani wekundu, mbio na kukaa baina ya miguu, ni sifa za jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana, iitwayo Macrocheles, na maana ya jina hilo kwa Kigiriki ni mwenye koleo refu. Ukoo wake una mamia ya spishi duniani, na katika nchi za joto ni nadra kumpindua mbawakawa mkubwa wa mavi usimkute hata mmoja wao.

Sasa, kwa nini wasafiri? Chukua kinyesi kimoja cha punda wako kilichoanguka njiani asubuhi. Kwa utitiri wa milimita moja hicho ni kisiwa chenye neema, kuna unyevu, kivuli, mayai ya nzi na minyoo. Lakini ni kisiwa kinachozama kwa jua. Baada ya siku chache kimekauka na kuwa nyuzi za majani, na nzi hawatagi hapo tena. Kinyesi kingine kibichi kipo hatua mia mbili mbele, umbali ambao kwako si kitu, na kwake ni safari asiyoweza kuimaliza kwa miguu akiwa hai. Mbawakawa naye anahitaji kinyesi kibichi hichohicho, ana mbawa, na pua yake inakinusa kutoka mbali sana. Utitiri anayemdandia hana haja ya kujua njia. Atafikishwa. Mtindo huu wa kiumbe mdogo kudandia mkubwa kwa ajili ya usafiri tu, bila kula mwilini mwake, ulipewa jina la foresi na mtaalamu wa wadudu wa Kifaransa, Pierre Lesne, mwaka 1896, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kubeba. Mimi naona kudandia kunatosha.

Wanaodandia hawapandi ovyo. Katika jenasi hii abiria ni majike waliokomaa, na kwa kawaida wamekwisha kupandwa na madume kabla ya kuondoka, kwa hiyo kila mmoja anabeba kizazi chake tumboni. Hata yule aliyeondoka kabla ya kukutana na dume hakosi njia katika spishi iliyochunguzwa kuliko zote, Macrocheles muscaedomesticae, ambayo mara nyingi humdandia nzi mwenyewe. Mayai yasiyorutubishwa huanguliwa yakawa madume, na mayai yaliyorutubishwa yakawa majike. Jike mmoja aliyefika peke yake kwenye kinyesi kipya anaweza basi kuanzisha ukoo mzima. Na ukoo huo hukua kwa kasi ambayo ni vigumu kuiamini. Yai huanguliwa, hutoka mtoto mwenye miguu sita, hujibadilisha ngozi mara tatu akapata miguu minane na kukomaa, na katika joto kama la kwetu yote hayo humalizika kwa muda wa siku mbili au tatu hivi.

Linganisha na nzi wa nyumbani. Jike wa nzi hutaga mayai kati ya 75 na 150 kwa mkupuo mmoja, na katika uhai wake anaweza kufikisha 500. Mayai huanguliwa kabla ya siku moja kuisha, funza hula kwa siku kadhaa, na kwenye joto la Lamu nzi mpya anaweza kuruka baada ya siku saba hadi kumi tangu yai litagwe. Utitiri wetu anaweza kukamilisha vizazi viwili au vitatu kabla funza hajawa nzi. Yai la nzi lina urefu unaomzidi kidogo utitiri mwenyewe. Ukimtazama kwa kioo akilila, utamwona amelitoboa kwa koleo lake na kulifyonza hadi linabaki ganda lililonywea, kisha anahamia la pili. Kwa siku anaweza kumaliza mayai kadhaa, na mwenye njaa huweza kuvuka kumi.

Hapa lazima niwe mwadilifu, kwa sababu nimeona watu wakisikia habari hii wanadhani wamepata dawa ya nzi isiyo na gharama. Utitiri hufikia mayai na funza wa siku ya kwanza tu. Funza aliyenenepa anamshinda nguvu na kumtupa pembeni. Tena nzi wengine hufika kwenye kinyesi dakika chache baada ya kuanguka, na mayai yaliyotagwa ndani kabisa hayafikiki kirahisi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza nzi hufanywa na mbawakawa mwenyewe, anapokivunjavunja kinyesi kikakauka upesi na anapokizika chini ya ardhi pamoja na mayai yaliyomo. Abiria humalizia yale mwenye chombo aliyoyaacha.

Ukubwa wa kazi hiyo ya mbawakawa ulipimwa si mbali na kwetu, kule Tsavo, ambako mtu huingia akitokea Malindi kwa lango la Sala. Mwaka 1974 watafiti Anderson na Coe waliandika kwamba kwenye kilo moja na nusu ya kinyesi cha tembo walifika mbawakawa 16,000, na baada ya saa mbili kinyesi hakikuwapo. Kila ninapoisoma hesabu hiyo hujiuliza ni utitiri wangapi waliosafiri jioni ile, na hakuna aliyekaa kuwahesabu.

Kuhusu swali lako kama hao ni watoto wake, jibu ni kwamba mtoto wa mbawakawa wa mavi huwezi kumwona akikimbia nje. Jike huchimba shimo, hushusha kinyesi, hufinyanga tonge na kuweka ndani yake yai moja. Hutoka kiwavi mweupe aliyejikunja kama kulabu, naye hula tonge hilo kutoka ndani hadi ageuke mbawakawa. Katika baadhi ya spishi mama hubaki shimoni akiyalinda matonge yake kwa wiki nyingi. Kwa sababu ya malezi hayo jike wa aina hizo huzaa watoto wachache mno katika maisha yake, pengine wasiozidi hesabu ya vidole vya mikono miwili. Ikumbuke hesabu hiyo, kwa maana nitairudia tukifika kwenye dawa.

Je, wanamdhuru? Kwa kawaida hapana. Abiria thelathini juu ya mbawakawa wa ukubwa unaousema ni mzigo mdogo. Wakifika mia au zaidi juu ya mbawakawa mdogo, uzito unaweza kumchosha arukapo. Mbali na hapo, baadhi ya utitiri hao hula minyoo midogo ambayo nayo humdandia mbawakawa chini ya mbawa zake ngumu. Hata hivyo mpaka kati ya abiria na mnyonyaji ni mwembamba. Kuna spishi ya jenasi hiyohiyo, Macrocheles subbadius, ambayo huko Marekani hudandia nzi wadogo wa jangwani wanaozaliana ndani ya mpungate unaooza, na ikiwa juu yao humtoboa mwenyeji na kufyonza maji ya mwili wake. Inaelekea unyonyaji wa damu kwa viumbe wengi ulianza hivyo, kwa abiria mmoja aliyeona njaa njiani. Kwa mbawakawa wa mavi na utitiri wake wa kawaida, mambo hayajafika huko.

Ukichunguza zaidi utakuta kwamba wekundu hao wanaokimbia si abiria peke yao. Wapo wengine wa mviringo, wamebapa kama kasa mdogo, ambao hawatikisiki hata ukiwagusa kwa ncha ya sindano. Hao wamejibandika kwa kijiti chembamba wanachokitengeneza kwa ute unaotoka nyuma ya mwili na kukauka ukiwa mgumu. Wanapofika, hukiacha kijiti hicho na kuondoka, na kwenye ganda la mbawakawa mzee unaweza kuona vijiti vitupu vimebaki vimesimama. Wapo pia weupe, wadogo kuliko hao wote, ambao katika umri wa kusafiri hawana mdomo unaofanya kazi. Wamejinata kwa visahani vya kunyonyea vilivyo chini ya tumbo, na hawawezi kula chochote mpaka wateremke na kubadilisha ngozi. Kiumbe asiye na mdomo hawezi kushtakiwa kwa kunyonya damu.

Nimesema anayenufaika na dawa ni nzi. Ushahidi mkubwa kuliko wote unatoka Australia, na inafaa kuueleza kwa sababu huko ndiko walikogundua thamani ya mbawakawa na abiria wake kwa kuwakosa wote wawili. Ng'ombe walipelekwa Australia na Waingereza mwaka 1788. Mbawakawa wa nchi ile walikuwa wamezoea vinyesi vidogo vikavu vya kangaruu na jamaa zake, na donge kubwa la ng'ombe lenye majimaji wengi wao hawakuliweza. Vinyesi vikabaki malishoni kwa miezi, majani hayakuota chini yake, na nzi wakazaliana kwa mabilioni, wakiwamo nzi wadogo wanaonyonya damu za ng'ombe mchana na usiku. Mtaalamu mzaliwa wa Hungaria, George Bornemissza, alipohamia huko katikati ya karne iliyopita aliliona jambo hilo, na kwa msukumo wake taasisi ya utafiti ya serikali ya nchi ile, CSIRO, ikaendesha mradi kuanzia mwaka 1965 hadi 1985 wa kuwaleta mbawakawa kutoka nje, wengi wao kutoka Afrika yetu hii.

Waliogopa, na haki yao, kuingiza maradhi ya mifugo ya Afrika pamoja na mbawakawa. Kwa hiyo hawakusafirisha mbawakawa wazima waliotoka zizini. Waliyatoa mayai yao ndani ya matonge, wakayaosha kwa dawa ya kuua vijidudu, na kule Australia wakayapandikiza moja moja ndani ya matonge yaliyofinyangwa kwa kinyesi cha ng'ombe wa hukohuko. Mbawakawa waliozaliwa walikuwa safi kabisa, bila utitiri hata mmoja. Zaidi ya spishi ishirini zilistawi, vinyesi vikaanza kuzikwa, malisho yakapumua. Lakini nzi wanyonyao damu hawakupungua kwa kiasi kilichotarajiwa, na watafiti wakarudi kutazama ni nini mbawakawa wa Afrika anacho akiwa kwao ambacho hawakumpelekea. Mwaka 1980 wakaachia huko utitiri kutoka kusini mwa Afrika, Macrocheles peregrinus, kwa makusudi kabisa, ili awale mayai ya nzi hao. Utitiri yule hakuhitaji kusambazwa na watu. Alipowakuta mbawakawa wa asili ya Afrika wamekwisha kuenea, aliwadandia na kufika mbali kwa muda mfupi. Nzi hawakwisha, na hadi leo wanawasumbua wafugaji wa kaskazini mwa nchi ile, kwa sababu nilizozitaja juu. Ila fikiria gharama na miaka iliyotumika kupeleka ng'ambo kile ambacho mwanao amekiokota bure jaani.

Narudi kwa punda na watoto. Upele wa binadamu na ukurutu wa punda huletwa na utitiri wa koo nyingine, ambao huishi juu ya ngozi au ndani yake na huambukizwa kwa kugusana, au kwa kutumia pamoja shogi, matandiko na kamba. Utitiri wa kuku naye hunyonya damu usiku na hujificha kwenye nyufa za banda. Hao wote hawasafiri kwa mbawakawa wa mavi, na utitiri wa mbawakawa hawawezi kuishi juu ya ngozi ya mnyama. Mmoja akitambaa mkononi mwa mwanao atakimbia akitafuta harufu anayoijua, asiipate, adondoke. Punda akijikuna na manyoya yakimtoka kwa mabaka, mpeleke kwa madaktari wa punda. Kisiwani Lamu mna bahati ya kuwa na zahanati yao tangu mwaka 1987, na ni miji michache duniani inayoweza kusema hivyo.

Ikiwa unataka kitu cha kuogopa zizini, ogopa kidonda. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha punda na farasi, na pengine waliolipa ugonjwa ule jina lake walikuwa na sababu. Mtoto anayechezea jaa akiwa na mchubuko mguuni anahitaji kuwa amekamilisha chanjo, na anahitaji kuosha mikono kwa sabuni akimaliza kucheza na dundu wake. Hayo mawili yanatosha.

Sasa dawa. Zile za kupe zinazopatikana kwetu, hasa za jamii ya pairethroidi, ambazo ni sumu za wadudu wa kila namna, hazichagui. Ukizipulizia juu ya jaa zitaua nzi waliopo siku hiyo, zitaua utitiri wanaowinda, na zitaua mbawakawa waliomo na watakaofika kesho na keshokutwa. Nzi watarudi kutoka kwa jirani baada ya siku chache na kukuta kinyesi kisichozikwa na kisicho na mwindaji. Mbawakawa yule anayezaa watoto wa kuhesabika kwa vidole hatarudi kwa kasi hiyo. Niliwahi kuitwa na mfugaji mmoja upande wa bara ya Malindi aliyekuwa amepulizia zizi kila wiki kwa ushauri wa muuza dawa, na malalamiko yake yalikuwa kwamba nzi walizidi kadiri alivyozidisha dawa. Nilifukua kinyesi cha siku tatu mahali hapo kwa kijiti. Kilikuwa kizima kama kilivyoanguka, juu kimeshika ganda, ndani kinachemka funza.

Dawa za minyoo nazo zina habari yake. Aivamektini, ambayo imewaletea wagunduzi wake, William Campbell na Satoshi Ōmura, tuzo ya Nobel ya mwaka 2015, na ambayo imewaokoa watu na wanyama wasiohesabika, hutoka mwilini mwa mnyama kwa njia ya kinyesi zaidi. Kwa siku kadhaa, na pengine wiki, kinyesi hicho huwaua au kuwadumaza viwavi wa mbawakawa. Sisemi usiwape punda wako. Mpe aliyepimwa na kuonekana anahitaji, kwa kipimo cha daktari, na usiwape wote wanne siku moja kwa mazoea tu kwamba mwezi umeisha.

Kinachofaa zizini kwako ni kazi ya mikono. Nzi anahitaji wiki moja hadi siku kumi kukomaa, kwa hiyo ukizoa mavi mara mbili kwa wiki unamkata katikati ya safari. Usiyarundike yakiwa na mkojo, kwani rundo lenye unyevu ndani ndilo kitalu cha nzi. Yatandaze membamba juani yakauke, kisha yakusanye yawe samadi kwa minazi, au uyape shamba. Acha sehemu moja ndogo yenye mchanga, kando ya zizi, ambapo kinyesi kibichi hubaki kwa ajili ya mbawakawa, hasa wakati wa mvua ambapo ndipo wanapotoka kwa wingi. Mchanga wa Matondoni ni mwepesi kuchimbika na utawafaa. Asubuhi ya pili utaona vichuguu vidogo vya mchanga mpya pembeni mwa kinyesi, na kinyesi chenyewe kimebaki makapi.

Na huyo aliye ndani ya kopo, mpeni mtoto kioo cha kukuzia kama kipo, awahesabu abiria vizuri na kutazama ile miguu ya mbele inavyopapasa. Toboeni kopo lipate hewa, wekeni mchanga wenye unyevu kidogo, wala msimsugue kwa brashi au kumwosha. Magharibi ikiingia, mpelekeni kwenye kinyesi cha leo na kumweka kando yake, si juu yake. Atatulia kidogo, atainua kichwa kunusa, kisha atachimba akiwa nao tumboni. Subirini kabla ya kuondoka, mkiwa na tochi, kwa maana wa kwanza huteremka mapema.